Hali ya Mwito Si Nzuri

Leokadia Kihwele alizaliwa na kukulia Mgololo, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, na hajawahi kupona ugonjwa wa kupakumbuka. Ni mwanamke wa makamo sasa, ana duka la vifaa vya ofisi Mwanjelwa, Mbeya, ana miwani ya kusomea na miwani nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Lakini lori lenye magogo mabichi ya misindano likipita barabarani, atasimama na rula ya mteja mkononi, anavuta harufu, mteja anangoja. Wanaomfahamu wamezoea. Wasiomfahamu huenda duka la jirani.

Ukimpa nafasi atakusimulia, na usipompa atakusimulia vilevile. Asubuhi za Mgololo zilikuwa na ukungu mzito hata watoto walikuwa wakiitana majina njia nzima ya shule ili wasipotezane. King'ora cha kiwanda ndicho kilichowapangia watu maisha: kikilia mara ya kwanza akina mama wanabandika chai, kikilia tena barabara inajaa makoti ya bluu. Hewa ilikuwa na harufu kali ya dawa za kupikia mbao, wageni wakawa wanaziba pua, ila kwa Leokadia hiyo ndiyo harufu ya nyumbani. Baba yake, Mzee Liberatus, alikuwa fundi kwenye mashine ya kukatia karatasi. Jioni alirudi na zile zilizokatwa vibaya, zimepinda upande, na nyumba nzima ikaandikia hizo, kuanzia hesabu za shule mpaka picha za kuku wa mama zilizobandikwa ukutani.

Kazi ya kufasiri nayo aliianzia hapo, kabla hajajua kwamba ina jina. Mashine zilikuja na maonyo ya Kiingereza, na Mzee Liberatus, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu, alikuwa akiyanakili herufi kwa herufi kwenye karatasi zake zilizopinda na kumletea binti yake aliyekuwa sekondari. Leokadia aliyageuza bila kupamba. Usitie mkono hapa, utakatika. Usifungue mpaka izime kabisa. Baba alikuwa akiishika karatasi mbali na macho, anasoma kwa sauti, anatikisa kichwa kwa furaha, halafu anaikunja na kuitia mfukoni kwenda kuwasomea wenzake. Hakuna mtihani uliowahi kumpa Leokadia sifa kama ile.

Hayo yalikuwa ya baba. Mama yake, Anjela, alimfundisha jambo jingine, nalo halikuwa la kuandikwa. Pale mtaani mama huyu ndiye aliyekuwa akitumwa kupeleka habari mbaya, kwa sababu alijua kuipeleka. Msiba kwao haumwagwi mbele ya mtu kama maji ya kufulia. Unamwendea, unamsalimu, unaulizia watoto na shamba, kisha unasema: hali ya mgonjwa si nzuri, amezidiwa, madaktari wanajitahidi, mnaombwa mfike, walio mbali na walio karibu. Mwenye kuambiwa anaelewa palepale. Hata hivyo atavaa, atafunga mlango, atasema anakwenda kumwona mgonjwa, na kila atakayekutana naye njiani atamwombea mgonjwa apate nafuu. Mgeni anaweza kuuita huo uongo. Mgeni na aseme atakavyo. Kwao ni adabu, na Leokadia aliinyonya pamoja na maziwa.

Miaka ikaenda. Alifundisha Kiingereza Mbeya mpaka chaki ikamchosha kifua, akafungua duka, akadhani yaliyobaki ni kuuza kalamu na kupiga chapa. Ndipo akakutana na Ezekiel, fundi simu wa Iringa, ambaye alikuwa akiwawekea wakulima programu moja ndogo inayoitwa Mwito. Mwito ilitengenezwa na watu wa kujitolea wa nchi za mbali. Ilikuwa nyepesi, inakubali hata simu za bei ya chini, na kazi yake kubwa ni kutumiana sauti. Mtu wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni anabonyeza, anasema, anaachia. Mwenye mashine ya mpunga Rujewa anasikia akipata nafasi. Wengi wao hawakupenda kuandika, na kusema hakuna aliyeshindwa. Shida ilikuwa matangazo. Kila watengenezaji walipogundua tundu ambalo mwizi angeweza kulitumia kuingilia simu za watu, walitoa tangazo la usalama, na tangazo lilikuwa la Kiingereza cha mafundi, kikavu hasa. Ezekiel alimwomba Leokadia ayafasiri. Alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Alizipenda kazi zile kuliko duka. Alikaa nyuma ya kaunta, anatafuna kifuniko cha kalamu, anatafuta namna ya kumweleza mama wa Makambako kwamba mtu asiyemjua anaweza kuongea kwa jina lake. Na kila mara alijiona yuko tena kwenye meza ya jikoni Mgololo, baba amesimama nyuma yake anangoja karatasi.

Kisha mama yake akaugua. Anjela alikuja Mbeya kwa treni kutibiwa, akakaa kwa binti yake, na kwa kuwa mume alibaki Mgololo kuangalia ng'ombe na nyumba, Leokadia aliwawekea wote wawili Mwito. Mama alijifunza haraka. Kila alasiri aliketi barazani penye jua, kitenge mabegani, simu karibu na mdomo kama anayetaka kuiuma, anamwambia mumewe ya siku hiyo. Leokadia alikuwa akiondoka. Maongezi ya wazazi si ya kusikilizwa na mtoto, hata mtoto mwenye mvi. Alisikia tu kicheko cha mama kikipenya dirishani, akaendelea kuosha vyombo.

Mama alipofariki, ni Leokadia aliyepiga simu Mgololo. Alisema vile alivyofundishwa. "Baba, hali ya mama si nzuri. Amezidiwa. Njoo." Baba akajibu kwamba amesikia, anakuja. Alifika na begi la nguo na mfuko wa machungwa.

Baada ya mazishi Mzee Liberatus alibaki na simu. Alimweleza binti yake, kama jambo la kawaida tu, kwamba jioni akishakamua ng'ombe hufungua Mwito na kumsikiliza mama Leo. Akimaliza zote huanza upya. Leokadia alifurahi kuwa kuna kitu kinamliwaza, na hakuuliza zaidi.

Sasa lile tangazo. Lilikuja mwaka jana, wakati wa baridi, na lilikuwa zito kuliko yote yaliyotangulia. Limegundulika tundu kubwa. Mwizi anaweza kuingia ndani ya simu ya mtu na kuitumia anavyotaka. Kila mmoja aweke toleo jipya leo hii, asingoje kesho. Leokadia alilifasiri hivyo hivyo, kisha akalisoma kwa sauti, likamkwaruza masikio. Alikumbuka tangazo lililopita, alilolitoa bila kupamba, na yule mama wa Ruaha Mbuyuni aliyeogopa mpaka akaifukia simu kwenye gunia la vitunguu, mwenyewe akasahau gunia lipi. Akawafikiria wazee wote wanaosomewa na majirani. Akaona haya kuwarushia watu wazima maneno kama mawe.

Akalifuta, akaandika jingine kwa moyo wake wote. Ndugu wapendwa, tunawaarifu kwa upole kwamba hali ya Mwito kwa sasa si nzuri. Mafundi wanajitahidi. Mnaombwa nyote, mlio mbali na mlio karibu, muwe tayari kupokea toleo jipya, wala msiwe na wasiwasi. Alilisoma mara nyingine, akaridhika sana, akampelekea Ezekiel. Ezekiel, Mlutheri wa Kilolo aliyelelewa kwenye adabu ileile, naye akaliona zuri, akalituma kwa watu wote wa nyanda za juu.

Jumapili, Leokadia akiwa ametoka misa, akapigiwa na Nkuba wa Rujewa. Huyu ni mfugaji. Wazazi wake walishuka Usangu na ng'ombe wao kutoka Shinyanga yeye akiwa mdogo, na ndiye aliyeingiza Mwito kwa wafugaji wengi wa kule. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Dada Leokadia, poleni sana na msiba."

Leokadia alishtuka, akauliza msiba gani, nani amefariki.

"Si huo wa Mwito?" Nkuba akasema. "Tulisoma tangazo. Sisi tumekaa na ninyi siku nyingi, dada. Mkisema hali si nzuri, mafundi wanajitahidi, walio mbali na walio karibu waje, hapo tunajua ameshakwenda. Tumeshaitoa kwenye simu zote huku, mpaka ya mama mkwe. Tulikuwa tunauliza tu kama kuna lolote la kuchangia."

Leokadia alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa, na Nkuba, ambaye hakuona kinachochekesha, akangoja kwa heshima. Alipoelezwa kwamba Mwito haikufa, ilitakiwa kubadilishwa tu, naye akacheka, akasema basi watairudisha, ila mazungumzo yao yote ya bei za mpunga na ng'ombe waliopotea yameshaenda na maji, maana wameitoa na kila kilichokuwa ndani. Neno hilo la mwisho ndilo lililomkata Leokadia kicheko.

Alimpigia baba yake akiwa bado kwenye uwanja wa kanisa. Mzee Liberatus alipokea akiwa mchangamfu. Naam, tangazo alisomewa na mwalimu jirani, na alipoambiwa limeandikwa na binti yake alijivuna. Alielewa mara moja kwamba Mwito imekufa, akamwomba mwalimu aitoe, kwa sababu si vizuri kukaa na kitu kilichokufa ndani ya simu.

"Ila tangu hapo natafuta sauti za mama yako sizioni," akasema. "Utakuja kunionyesha zilipohamia?"

Leokadia akamjibu kwamba wataangalia, asijali. Akakata simu, akakaa kwenye ngazi za kanisa na nguo yake nzuri.

Ezekiel alifanya alichoweza. Alimpigia mwalimu jirani, akamwelekeza huku na kule, akawaandikia watengenezaji wenyewe. Jibu lilikuwa moja. Sauti zilikuwa kwenye simu ya mzee peke yake, na simu ya Anjela, mwenyewe alipozikwa, ilipewa mjukuu, ikafutwa, ikajazwa michezo. Hazirudi. Ezekiel alilisema hilo kwa kuzungukazunguka mpaka Leokadia akamwomba aseme tu.

Siku hiyohiyo aliandika tangazo jipya. Hili alilikata kama yale ya kiwandani: Mwito ni nzima. Ina tundu. Mwizi anaweza kuingia. Usiitoe, utapoteza sauti zako zote. Bonyeza hapa uweke toleo jipya sasa. Halikuwa na ndugu wala wapendwa. Watu wakalitii bila kinyongo, Rujewa wakarudi, yule mama wa vitunguu akarudi, na Ezekiel akapokea salamu za kushukuru ambazo Leokadia hakutaka kuzisikia.

Likabaki la Mgololo. Kwa simu hakuweza. Alifunga duka, akapanda basi la Mafinga, na kutoka pale akapata gari dogo la kuingia ndani, kupitia mashamba ya chai na msitu wa misindano iliyopandwa kwa mistari. Njia yote ile, ambayo kwa kawaida humfanya awe msichana tena, safari hii hakuiona. Alikuwa akitafuta maneno. Angesema simu imechoka. Angesema mafundi wa mbali bado wanatafuta. Kila alilolipata lilikuwa zuri, laini, la kufundishwa na mama, na kila moja lingemwacha mzee amekaa barazani jioni hata jioni akingoja mkewe aongee. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko machozi.

Alimkuta baba amevaa shati safi. Wakaamkiana, "Kamwene," "Kamwene," akapewa kiti, akaletewa viazi vya kuchemsha, akaulizwa duka na majirani. Simu ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma alichokifuma Anjela, imejazwa chaji, imefutwa vumbi. Mzee aliisogeza kwa kidole upande wa binti yake, polepole, kama mtu anayempisha fundi kazini.

"Baba," Leokadia akaanza, "kuhusu zile sauti, hali yake..." Akaweka kiazi chini.

"Sauti za mama zimefutika, baba. Zote. Hazipo popote na hazitarudi. Wewe ulifanya nilivyoandika, na mimi niliandika vibaya."

Mzee Liberatus aliitazama simu. Akauliza kama ni zote kweli, hata ile fupi ya mwanzo. Akajibiwa zote. Akaichukua, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo, na pale akalia. Kwenye mazishi hakulia. Alisimama wima na kofia mkononi mpaka mwisho. Leokadia hakuwahi kuyaona machozi ya baba yake, na hakujua afanye nini zaidi ya kulia naye. Ng'ombe aliyekuwa nyuma ya nyumba akawa anadai kukamuliwa, na hakuna aliyeinuka.

Baadaye mzee akajifuta uso kwa kiganja, akasema afadhali ameambiwa, maana angeendelea kungoja, na umri wake si wa kungoja tena. Kisha akasema jambo ambalo Leokadia hakulitegemea.

"Siku ile uliponiambia mama yako amezidiwa, nilijua. Ila hukulisema, kwa hiyo kutoka hapa mpaka Mbeya nilikuwa bado na mke. Makambako nikashuka nikamnunulia machungwa. Nilichagua moja moja. Ile safari sijakushukuru."

 Leokadia alimwambia baba kwamba kinachomuuma ni zile sauti zenyewe, maana yeye hakuwahi kusikia hata moja. Alikuwa akiondoka barazani kwa heshima.

Mzee alimkodolea macho. "Hata moja?"

Akavuta kiti. Akakohoa, na Leokadia akatambua kwamba hakuwa na kikohozi, alikuwa anaanza. Ile ya kwanza, akasema, mama yako alianza kwa kukohoa. Halafu akasema, Baba Leo, huku Mbeya maharage yao yanakaa jikoni kutwa nzima hayaivi, sijui wanayalima juu ya mawe. Mzee aliipandisha sauti palepale Anjela alipokuwa akiipandisha, akaishusha alipokuwa akiishusha. Akaendelea na ya pili, na nyingine na nyingine. Zilikuwa za nesi mwenye viatu vya kupiga kelele, za ng'ombe, kama amepewa chumvi, za chai ya Leokadia isiyokolea, tena mwenyewe anajiona amepika. Leokadia akacheka huku kamasi zinamtoka. Mzee alizijua zote kwa mpangilio, na kila alipokosea neno alirudi nyuma kulisahihisha.

Akafika mahali akasita. Akasema imebaki ya mwisho, lakini hiyo pengine aiache.

"Sema tu, baba," Leokadia akasema. "Niambie vilevile."

Mzee Liberatus akatazama mlangoni, kisha akamtazama binti yake.

"Alisema: Baba Leo, mimi nakufa. Daktari ameniambia mwenyewe, nimemkatalia asimwambie mtoto kwamba najua. Leokadia anadhani ananificha, ananiletea uji ananiambia nimenawiri, na mimi namwitikia. Siku ikifika atakupigia simu atakuambia nimezidiwa. Wewe itikia kama hujui kitu. Usimkatize. Mwache amalize, maana nimemfundisha mwenyewe."

Nje kulikuwa kumeanza kuingia ukungu, ule wa jioni za kule.  Leokadia akamwomba baba yake aanze tena, kuanzia ile ya maharage, na mzee akakohoa, akaanza.